Kuanza retinoidi chini ya jua la Arusha

Huku Arusha, mtu akisikia kwamba usiku unapaka dawa usoni, na kwamba dawa hiyo wiki za mwanzo inabandua ngozi, swali lake huwa moja tu: unajichubua? Mama yangu mdogo wa Moshi ameniuliza hivyo. Dada anayenisuka pale Kijenge naye ameniuliza hivyo. Siwalaumu hata kidogo. Kwa miaka mingi, vikopo vingi vilivyoingia sokoni vikiahidi uso laini vilikuwa mkorogo, na mkorogo umeharibu nyuso za watu tunaowajua: majirani, ndugu, walimu waliotufundisha shule ya msingi. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kushtuka.

Retinoidi si mkorogo. Lakini nimekuja kuamini kwamba hofu ya mama mdogo ina ukweli ambao wauza vipodozi wa mitandaoni hawausemi: kwenye ngozi nyeusi, retinoidi ikianzwa kwa pupa inaweza kuacha madoa mengi kuliko zile chunusi zilizokupeleka dukani. Maelekezo mengi yanayozunguka kwenye simu zetu yameandikwa na watu ambao ngozi yao ikikerwa huwa nyekundu wiki moja, kisha inarudi ilivyokuwa. Ya kwetu ikikerwa huweka doa, na doa hilo linaweza kukaa miezi. Kwa hiyo tunahitaji kuanza kwa namna yetu.

Retinoidi ni jamii ya dawa na vipodozi vinavyotokana na vitamini A au vinavyofanya kazi kwa njia ileile. Kwenye makopo ya vipodozi utakuta retinili palmitati, ambayo ni dhaifu, halafu retinoli, halafu retinaldehidi. Kwenye tyubu za dawa utakuta tretinoini, ambayo ndiyo asidi ya retinoiki yenyewe, na adapalini, iliyotengenezwa maabara. Tofauti yao ni ya msingi. Seli za ngozi haziwezi kuitumia retinoli ilivyo. Huigeuza kwanza kuwa retinaldehidi, kisha asidi ya retinoiki, na ni hiyo ya mwisho inayoshikana na vipokezi ndani ya kiini cha seli na kubadilisha jinsi seli inavyokua. Katika safari hiyo sehemu kubwa hupotea njiani. Ndiyo maana retinoli hufanya kazi taratibu na kwa upole, na tretinoini hufika moja kwa moja, ikiwa na nguvu na ukali wake.

Chunusi huanza muda mrefu kabla hujaiona. Seli zilizotanda ndani ya kinyweleo hushikamana badala ya kutoka, mafuta yanakwama nyuma yake, bakteria wanapata makazi, kisha ndipo kipele kinavimba. Retinoidi hushughulikia hatua ile ya kwanza, ya seli kushikamana. Kwa sababu hiyo haifai kudonolewa juu ya kipele kimoja kilichoiva, kama wengi wanavyofanya. Hupakwa eneo lote linalotoa chunusi, hata pale palipo safi leo, kwa sababu kipele cha mwezi ujao tayari kimeshaanza kujengeka humo chini. Na kwa sababu hiyohiyo madaktari huipa takribani wiki 12 kabla ya kuamua kama imefaa. Mtu anayeitupa baada ya wiki 3 hajaijaribu bado.

Juu ya hapo, huharakisha ngozi kujibadilisha, hivyo rangi iliyoganda kwenye madoa hutoka mapema zaidi, na ikitumika kwa miezi mingi huongeza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, kwenye ngozi ya chini. Hili la kolajeni ndilo linalotangazwa sana kwa ajili ya makunyanzi. Kwa wasichana na wanawake ninaowafahamu huku, madoa ndiyo yanayowanyima raha, na makunyanzi yanakuja mbali nyuma.

Historia ya dawa hii ina sehemu ambayo siwezi kuipita. Tretinoini iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya chunusi mwaka 1971, na jina linalotajwa mbele ya wengine ni la Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Sehemu ya majaribio yake ilifanyika kwenye miili ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao watu weusi, wanaume waliolipwa fedha kidogo na ambao hawakuelezwa ipasavyo wanapakwa nini. Majaribio humo gerezani yalisimamishwa mwaka 1974. Kitivo cha tiba cha chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, na Jiji la Philadelphia mwaka uliofuata. Ninalisema kwa uchungu, kwa sababu miili ya watu weusi ilitumika kuijenga dawa hii, kisha kwa miongo mingi matangazo na maelekezo yake yakaandikwa kana kwamba ngozi nyeusi haipo. Tunapoitumia leo tuna haki ya kudai ijadiliwe kwa ngozi yetu.

Na utafiti wa ngozi yetu upo, japo si mwingi. Mwaka 1993 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la krimu ya tretinoini ya asilimia 0.1 kwa watu weusi 54 waliokuwa na madoa yaliyoachwa na chunusi na vidonda vingine vya ngozi. Walifuatiliwa wiki 40. Madoa ya waliopaka tretinoini yalififia zaidi ya yale ya wenzao waliopaka krimu isiyo na dawa. Lakini katika jaribio hilohilo, nusu ya waliopaka tretinoini ngozi yao ilikereka: wekundu, kubanduka, ukavu. Haya mawili lazima yasomwe pamoja. Dawa inaondoa madoa, na dawa hiyohiyo inaweza kukera ngozi ambayo ikikereka hutengeneza madoa. Kazi yote ya anayeanza ni kubaki upande wa kwanza.

Kwa hiyo uamuzi wangu kuhusu dawa ya kuanzia ni huu: kwa chunusi, adapalini ya asilimia 0.1. Hukera kidogo kuliko tretinoini, haiharibiwi na mwanga kirahisi, na inavumilia kutumika pamoja na benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi ambayo kwa kawaida huivunja tretinoini. Marekani iliiruhusu iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2016, na jambo hilo linaonyesha inavyoaminika. Kwa mtu asiye na chunusi, anayetaka tu kulainisha ngozi na kupunguza uchovu wa uso, retinoli ya kiwango cha chini inatosha, mradi inatoka kwa mtengenezaji anayetaja kiwango kwenye kopo. Tretinoini naiheshimu, na naiacha kwa daktari.

Mdogo wangu anasoma chuo Moshi. Alinipigia akasema, "Dada, nimechoka, nataka ile yenye nguvu kabisa, niimalize hii kitu kabla ya likizo." Nilimwambia aje Arusha wikiendi tukae. Nilipomtazama, chunusi zake nyingi zilikuwa kwenye paji la uso, zimepangana kandokando ya nywele. Nikamuuliza anapaka nini kichwani. Alikuwa amesukwa rasta, na kila asubuhi anapaka mafuta mazito kwenye mistari ili kichwa kisiwashe, kisha anafunga kilemba. Mafuta hayo hushuka yakaziba vinyweleo vya paji la uso. Ni tatizo ambalo madaktari wa ngozi wamelieleza tangu zamani, na limejaa kwenye mabweni yetu. Hakuna retinoidi itakayoshinda mafuta yanayoongezwa kila asubuhi. Tulianza na hilo: mafuta mepesi, kidogo, kichwani tu, na kilemba kifuliwe. Mashavu yake ndiyo yaliyohitaji adapalini.

Alianza wakati wa baridi, na baridi ya huku ina mambo yake. Kuanzia Juni hadi Agosti Arusha inakuwa na asubuhi za mawingu, upepo mkavu na vumbi la barabara za mitaani, na ngozi zinapauka hata kwa wasiopaka chochote. Hivyo wiki ya kwanza hakugusa dawa kabisa. Alijenga ngozi: sabuni ya uso isiyokausha, bila manukato, mara 2 kwa siku, na losheni yenye glisirini ikipakwa ngozi ikiwa bado na unyevu. Sabuni ya kipande ya kufulia, ambayo alikuwa anaosha nayo uso kwa imani kwamba inakausha chunusi, ilirudi kwenye nguo. Wengi wanaona hatua hii ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu ngozi iliyokwisha kupasuka kwa ukavu ikipakwa retinoidi usiku wa kwanza huwaka moto.

Kisha usiku 2 kwa wiki, zisizofuatana. Anaosha uso, anaukausha kwa kuugusagusa na taulo bila kusugua, anasubiri ukauke kabisa, maana ngozi yenye maji hunyonya dawa kwa kasi na kukereka zaidi. Anapaka losheni nyepesi, anakamua dawa kiasi cha punje moja ya njegere, anaigawa vitone vidogo kwenye paji, mashavu na kidevu, anasambaza, kisha losheni tena juu. Punje moja ni ya uso mzima. Kuongeza dawa hakuharakishi chochote. Kinachoongezeka ni ukavu. Kwenye kona za pua, kona za mdomo na karibu na macho alipaka mafuta ya mgando kidogo kabla, kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba na dawa huteleza na kukusanyika.

Baada ya wiki kadhaa, uso ukiwa haujawasha wala haujabanduka, akaenda usiku 3 kwa wiki. Halafu moja ndiyo, moja hapana. Hajafika kila usiku na sijamsukuma afike. Kuna watu ambao ngozi yao itakaa hapo milele na bado watapata matokeo mazuri. Kipimo tulichokubaliana ni rahisi: ukipaka losheni ya kawaida na ikachoma, dawa inapumzika mpaka losheni iache kuchoma. Hakuna kuvumilia. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kuwashwa ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Kwenye ngozi yetu ni dalili kwamba doa jipya linapikwa.

Ukavu kidogo na unga mweupe kuzunguka mdomo wiki za mwanzo ni kawaida. Vipele vidogo kujitokeza kwa wingi pale ulipozoea kupata chunusi nako hutokea, kwa sababu vile vilivyokuwa vimejificha vinapanda juu mapema, na kwa kawaida hupungua baada ya wiki chache. Ila vipele vikitokea mahali ambapo hukuwahi kupata chunusi, au vikiwa vinawasha na vimefanana vyote, acha dawa, nenda kaonwe. Si kila kipele ni chunusi. Vingine huletwa na fangasi kwenye vinyweleo, na hivyo vinahitaji dawa nyingine kabisa.

Mambo ya kuacha yalikuwa magumu kuliko ya kuanza. Skrabu ya kahawa na sukari, ambayo saluni nyingi za Moshi na Arusha zinaipenda, iliondoka. Limao na manjano usoni, likaondoka limao kwanza. Kutinda nyusi kwa uzi au kwa nta kulihitaji mpango, kwa sababu ngozi iliyozoea retinoidi hubanduka na nta. Anaacha dawa siku kadhaa kabla, na dada wa saluni anaambiwa mapema. Vimiminika vyenye asidi vya kubandua ngozi tuliviweka pembeni hadi uso utulie. Sioni sababu ya mtu kurundika vitu 5 vinavyobandua ngozi katika mwezi mmoja, hata kama vyote ni vizuri kimoja kimoja.

Sasa jua. Hapa ndipo ninapowasihi watu wa kwetu kuliko mahali popote. Arusha iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Ubaridi wa hapa unatudanganya. Mtu wa Dar es Salaam anakimbia jua kwa sababu linamchoma. Sisi tunakaa juani asubuhi ya Julai tukiota, mikono mifukoni, na uso unapokea mionzi ya kutosha. Mawingu mepesi hayaizuii. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, hivyo watu wake angalau wanatafuta kivuli.

Retinoidi huifanya ngozi iwe nyepesi kuathirika na jua, hasa mwanzoni, na jua ndilo linaloendelea kukoleza madoa unayojaribu kuyafuta. Ukipaka retinoidi usiku na kupanda bodaboda kutoka Ngaramtoni hadi Mnara wa Saa saa 6 mchana bila kinga, unachota maji kwa pakacha. Ni kweli melanini, rangi ya asili ya ngozi, hutulinda: kipimo kimoja cha zamani, cha mwaka 1979, kilikadiria ngozi nyeusi yenyewe ina kinga ya wastani wa karibu 13 kwenye mizani ileile ya SPF inayotumika kupima sanskrini, yaani krimu ya kuzuia jua. Inatosha kutuepusha na kubabuka kirahisi. Haitoshi kuzuia madoa.

Sanskrini basi, ya SPF namba 30 au zaidi, kila asubuhi, kiasi cha vidole 2 kwa uso na shingo, na irudiwe ukiwa nje muda mrefu. Najua malalamiko: inaacha uso mweupe kama umepakwa majivu. Nyingi za zinki na titani zinafanya hivyo kweli. Tafuta zenye vichujio vinavyoyeyuka bila rangi, au zilizotiwa rangi ya kahawia. Hizi za rangi zina faida ya ziada ambayo haisemwi vya kutosha: rangi yake inatokana na oksidi ya chuma, na oksidi hiyo huzuia pia mwanga wa kawaida tunaouona, ambao kwenye ngozi nyeusi huchangia kukoleza madoa na mabaka. Sanskrini isiyo na rangi haigusi mwanga huo. Na kofia pana ya ukili haimalizwi na mvua wala jasho. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua sanskrini, retinoidi isubiri. Sitabadili msimamo huu.

Tuna bahati, hasa watu wa Kilimanjaro, kwamba elimu ya ngozi iko mlangoni. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kinachojulikana kama RDTC, kiko kwenye eneo la Hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, na kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapohapo ndipo ilipoanzia kutengenezwa Kilisun, sanskrini iliyobuniwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kinga ya jua ni suala la uhai na saratani. Kila nikikumbuka kwamba kitu hicho kinatengenezwa chini ya Mlima Kilimanjaro na kwa mikono ya watu wa hapa, najivuna. Sanskrini hiyo ni yao. Sisi wengine tununue za dukani, tusiwapunguzie.

Rudi kwenye suala la mkorogo, kwa sababu kuna mahali linakutana na retinoidi na watu wengi hawajui. Mama mdogo alikuwa na mabaka ya kahawia kwenye mashavu, yaliyoanza baada ya mtoto wa mwisho. Kuna duka alikouziwa tyubu, akaambiwa ni krimu ya madoa tu. Nilipoenda kumsalimia, baada ya shikamoo na chai nikaomba kuiona. Ubavuni, kwa herufi ndogo: haidrokwinoni, tretinoini na mometasoni. Nikamwambia, "Mama mdogo, hii ni dawa 3 ndani ya tyubu moja." Akasema, "Lakini mwanangu, wiki ya kwanza uso ulitakata."

Ni lazima utakate. Mometasoni ni steroidi. Huzima mwasho na wekundu, na husinyaza mishipa. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi. Mchanganyiko wa aina hii una historia yake katika tiba, na daktari anaweza kuuandika kwa mabaka kwa wiki chache akikufuatilia. Shida inaanza unapouzwa bila daktari na kupakwa miezi na miaka. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, mishipa inaonekana, nywele ndogondogo zinaota usoni, chunusi za aina mpya zinatokea, na ukiacha ghafla uso unalipuka, hivyo unarudi kupaka. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuleta weusi wa rangi ya bluu ambao kuuondoa ni kazi ngumu mno. Vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku nchini, lakini tyubu kama hizi zinapita kwa mlango wa dawa. Soma ubavu wa tyubu kabla hujasoma jina lake. Ukiona neno linaloishia na soni, au klobetasoli, ambayo nayo ni steroidi, na hukupewa na daktari kwa ajili ya uso, irudishe.

Mama mdogo hakuacha siku ileile. Tulienda kliniki, akapangiwa kupunguza taratibu. Kwa sasa uso wake hauna retinoidi yoyote, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ngozi iliyosinyazwa na steroidi inahitaji kupona kwanza. Anauza vitambaa Mbuyuni, na tulichomwongezea ni sanskrini ya rangi na mwavuli mkubwa juu ya meza. Mabaka yamepungua kidogo kwa hivyo viwili tu, jambo ambalo limenifanya nizidi kuliamini suala la jua.

Kwa wanawake kuna jambo moja lisilo na mjadala. Ukiwa mjamzito au unapanga kupata mimba, acha retinoidi. Vidonge vya isotretinoini, ambavyo ni jamii hiyohiyo na hutolewa kwa chunusi kali, husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, na mwanamke anayevimeza lazima awe na uzazi wa mpango wa uhakika. Krimu huingia mwilini kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na vidonge, lakini madaktari hushauri zisitumike kipindi hicho, na sioni sababu ya kubishana nao kwa ajili ya chunusi. Asidi ya azelaiki inaweza kukaa mahali pake. Inashughulikia chunusi na madoa, na inakubalika wakati wa ujauzito. Ukigundua umeshika mimba ukiwa unapaka, iache, mweleze mhudumu wa kliniki, usikae na hofu peke yako.

Nunua kwenye famasi yenye mfamasia, tyubu iliyofungwa, yenye tarehe. Tretinoini iliyokaa kwenye kioo cha dirisha la duka juani imeshapoteza nguvu. Nyumbani ikae kabatini. Krimu za kupimiwa kwenye vikopo visivyo na jina, hata zikiuzwa na mtu unayemwamini, usizipake usoni.

Wanaume wanasahauliwa kwenye mazungumzo haya, na bado wao ndio wanaoendesha bodaboda juani kutwa na wao ndio wenye vipele vya ndevu. Vile vipele vigumu vya shingoni na kidevuni hutokea nywele iliyonyolewa karibu mno inapojikunja na kuingia tena kwenye ngozi, na kwa nywele zetu za kipilipili hutokea sana. Madaktari hutumia retinoidi kwa hao pia, kwa sababu hulegeza ile tabaka la juu linaloinasa nywele. Kinyozi aambiwe asikwangue hadi chini, aache ndevu fupi za mashine. Dawa ianzwe kwa utaratibu uleule wa usiku 2 kwa wiki, na usiku wa siku aliyonyoa apake losheni peke yake. Spiriti ya kinyozi na retinoidi juu ya ngozi iliyotoka kupitiwa na mashine vinaunguza vibaya.